Mwalimu Mkuu wa Kituo cha Mwisho

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha walimu wakuu kwa sababu moja tu: Garissa ilikuwa na posta. Sikuwa na busara kuwashinda wenzangu, wala umri. Mwenzetu wa Wajir alinizidi kwa yote mawili. Lakini barua ikitumwa kwangu ilifika, na ikitoka kwangu ilikwenda, na katika nchi ile, miaka ya hamsini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko ufasaha.

Chama chenyewe kilikuwa kidogo, hata kukiita chama ni kukipa heshima. Shule za serikali katika Mpaka wa Kaskazini zilikuwa chache mno, na kila moja ilikuwa na mwalimu mkuu ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa pia mwalimu wa kila somo, mtunza stoo, mpiga kengele na mtia dawa ya macho. Sote tulikuwa wageni. Mimi nilitoka Lamu. Wa Wajir alikuwa mtu wa Ukambani, mzee mwenye mvi za mapema na koti ambalo hakulivua hata jua likipasua mawe. Wengine walitoka Taita na Mombasa. Na mdogo wetu sote alikuwa Mpokomo wa Tana ya chini, kule ambako mto unapanuka na watu wanalima mpunga. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia.

Tulikutana mara ya kwanza Wajir, tulipoitwa kusahihisha mitihani ya watoto. Kazi ilipokwisha, mzee wa Wajir alitutazama, akasema, "Mnaona? Nimekaa hapa miaka, na leo ndiyo mara ya kwanza nimezungumza na mtu anayejua chaki ni nini." Tukacheka, lakini kicheko hakikukaa. Kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja alisema amesahau jinsi ya kubishana. Mwingine alisema huongea na punda wa maji. Alasiri ile ile, katika darasa lenye kuta nyeupe za mawe ya Wajir, tukaamua kuwa na chama.

Yule kijana Mpokomo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka kwa mabega. Alikuwa ndiyo kwanza amepewa shule mpya kabisa, ya mbali kuliko zote, kupita Tarbaj, karibu na mpaka. Mabanda mawili ya bati, nyumba ya mwalimu, na visima. Zaidi ya hapo, vichaka na ngamia. Alikuwa Mkristo, na kutoka hapo kwake ungeweza kusafiri kwa lori siku nzima usikutane na Mkristo mwingine. Hilo halikumsumbua. Kisomali alikishika upesi kuliko sisi Waislamu.

Nilipouliza kama kuna mwenye hoja, alisimama wima kama mwanafunzi.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, na neno lile likamchekesha mwenyewe. "Naomba chama kiiombe serikali isimwache mwalimu mkuu peke yake kituoni. Hata mtumbwi una mtu wa mbele na mtu wa nyuma."

"Wewe umeanza juzi," mzee wa Wajir akamtania. "Umeshachoka?"

"Sijachoka, mzee. Nasema kabla sijachoka, ili nisionekane nalalamika."

Hoja ile ikawa ya kwanza katika maombi yetu. Niliiandika kwa mkono wangu mzuri kuliko siku zote, nikaipeleka kwa ofisa wa elimu kwa njia ya ofisi ya wilaya, kama ilivyotakiwa. Baada ya muda mrefu likaja jibu: ombi limepokelewa na linafikiriwa. Nikaandika tena. Likaja jibu la pili: linaendelea kufikiriwa. Wenzangu walikuwa wakiniuliza kila lori likipita, "Vipi, wamefikiri?" Ikawa ndiyo salamu yetu.

Kuwa mwenyekiti wa watu ambao huwaoni ni kazi ya ajabu. Sikuwaongoza mahali popote. Kazi yangu ilikuwa kusikia. Huyu amekosa wino, yule bati limeng'olewa na kimbunga, yule wazazi wamewatoa watoto kwa sababu mtu amewaambia kwamba shule itawabadili dini. Niliwaandikia wote. Kwa yule Mpokomo nilikuwa nikiongeza jambo moja ambalo wengine hawakulihitaji: habari za mto. Aliniomba hivyo. "Niambie maji yamefika wapi," aliandika, nami nilishuka ukingoni jioni kabla ya kuandika, nikatazama.

Mama yake nilimjua mapema. Alifika Garissa kutoka huko chini kwa lori la mahindi, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, amebeba mchele na samaki wakavu katika kikapu cha milala. Alidhani akifika Garissa amefika kwa mwanawe. Nikamweleza kwamba bado nchi ndefu. Akasema haidhuru, ataendelea. Hapo ndipo ilipobidi nimweleze habari ya pasi. Nchi ile ilikuwa imefungwa, na mtu hakuruhusiwa kuingia bila karatasi ya ofisi. Tukaenda naye bomani. Karani akatuambia ruhusa ni kwa watumishi wa serikali na wafanyabiashara wenye leseni.

"Na mama?" akauliza.

Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama meza. "Mama hayumo, mama."

Alikaa kwangu siku chache. Mke wangu alimpikia, naye akakataa kukaa bure, akawa anapepeta mchele wetu huku akimwimbia mtoto wetu nyimbo za kwao. Siku ya kuondoka alinikabidhi kile kikapu. "Wewe ndiye mkubwa wao," aliniambia. "Basi wewe ndiye mama yake huko." Nikasema nimepokea. Kikapu nikakipandisha kwenye lori la kwanza lililokwenda kaskazini.

Kisha mvua zikakosa. Za masika zilinyesha kidogo zikakatika, na za vuli hazikuja kabisa. Watu wa pwani tunapozungumza ukame tunazungumza bei ya mahindi. Huko ukame ni harufu. Ilitufikia Garissa kwa upepo, harufu ya mizoga ya ng'ombe waliokufa wakijaribu kufika mtoni. Familia zilizokuwa zimepiga kambi karibu na shule zilivunja vibanda, zikapakia miti na mikeka juu ya ngamia, zikaenda kutafuta majani. Watoto walikwenda nao. Mtoto wa mfugaji ni mikono, na wakati wa dhiki mikono haikai darasani. Hata mimi, mwenye shule ya mjini, viti vilinibakia vitupu nusu.

Mkutano wetu wa mwaka ule ulifanyika kwa shida, na yule Mpokomo hakuja. Tulidhani amekosa lori.

Aliyetuletea habari ni dereva, Mwarabu wa Garissa aliyekuwa akipeleka sukari na majani ya chai mpaka mpakani. Alikuja shuleni kwangu, akakataa kuketi.

"Mwalimu wenu yule," alisema. "Anasomesha viti."

"Anasomesha viti kivipi?"

"Watu wamehama, sheikh. Hakuna mtoto. Lakini asubuhi anapiga kengele, anaingia, anasomesha. Nimemwona kwa macho yangu. Nilimwita, akanifanyia hivi." Dereva akaweka kidole mdomoni. "Kwamba nisiwasumbue watoto."

Nilikwenda bomani siku hiyo hiyo. Bwana wa wilaya alikuwa kijana, mwenye uso ulioungua na jua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniandikia ruhusa ya kusafiri bila kuniuliza neno. Nikamwachia mwalimu msaidizi wangu shule, nikapanda lori la yule dereva, juu ya magunia ya sukari.

Njia ile nimeisahau isipokuwa vipande vipande: vumbi jekundu likigeuka jeupe, twiga wamesimama kama watu waliopotea, mizoga pembeni mwa kila kisima. Wajir tulisimama, nikamweleza mzee kila kitu. Akalivua koti lake. Sikuwahi kumwona bila koti.

"Chukua hili," alisema. "Huko asubuhi kuna baridi, naye atakuwa amekonda. Na usimwambie umekuja kumchukua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hivyo atajishika kwenye mlango. Mwambie kuna mkutano wa chama. Mwambie hoja yake inajadiliwa, na mwenye hoja lazima awepo."

"Nimdanganye?"

"Utamdanganya vipi, na wewe ndiwe mwenyekiti? Itisha mkutano. Mimi nitakuwa nawangoja hapa."

Kwa hiyo niliuitisha mkutano pale pale, kwa mdomo, nimesimama kando ya lori.

Tulifika kituoni asubuhi. Kabla lori halijasimama nilisikia kengele, rimu ya gurudumu ikigongwa kwa chuma. Mahali pa kambi palikuwa na duara tu za majivu na mawe ya mafiga. Chini kwenye visima niliona wazee wawili watatu na punda. Nikatembea mpaka kwenye banda la darasa, nikasimama mlangoni.

Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetoka, na suruali ameifunga kwa kamba. Mbele yake madawati yalikuwa yamepangwa vizuri, matupu, yamefutwa vumbi. Isipokuwa la nyuma kabisa. Hapo alikuwa ameketi bibi mzee wa Kisomali, amejifunga guntino, ile nguo ya kufungwa begani, iliyochakaa, mapajani amepakata chombo cha maziwa.

Mwalimu alikuwa akiita majina. Alitaja jina la kwanza, akangoja. Kutoka nyuma bibi akaitikia, "Joogaa." Yupo. Akatia alama, akataja la pili. "Joogaa." La tatu. "Joogaa." Alipofikia jina moja, sauti ya bibi ilitetemeka kidogo, nami baadaye nilielezwa kwamba ni la mjukuu wake. Waliendelea hivyo mpaka majina yakaisha.

Ndipo akaniona. Uso wake ulichanua kama zamani.

"Karibu, Bwana Mwenyekiti! Darasa, simameni."

Bibi akasimama kwa shida, akishika dawati. Na mimi, nifanye nini? Nimekuwa mwalimu tangu ujana wangu, na mwalimu akiamkiwa huitika. Nikayatazama yale madawati.

"Kaeni, watoto," nikasema.

Bibi akaketi. Mwalimu akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akageuka kwenye ubao kuendelea na hesabu. Nikaenda kukaa karibu na yule bibi, na nikafuata somo mpaka likaisha.

Mzee wa visima, mtu wa ndevu zilizotiwa hina, alinieleza mambo tulipokuwa tukinywa chai kivulini mwa lori. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakikumpungukia.

"Hii mwalimu hana wazimu," aliniambia. "Hana watu. Hiyo ni kitu ingine. Sisi nahama, tunamwambia, maalim, twende, tutakupa ngamia ya kupanda. Anasema, shule haihami. Watoto yote naenda. Siku ya kwanza anaita majina, hakuna mtu najibu, analia kama mtoto. Hii mama mzee nasikia." Akaonyesha bibi kwa kidevu. "Yeye hawezi safari, tumemwacha hapa na mbuzi mbili. Anasema, mimi nitajibu. Tangu hiyo siku anajibu. Maziwa anampa mwalimu kwanza, halafu anakunywa yeye."

"Mbona hamkutuma habari?"

"Tulituma. Dereva alikwambia, sivyo?"

Ni kweli. Walikuwa wametuma, na ndiyo sababu nilikuwa pale.

Jioni ile nilimwambia mwalimu habari ya mkutano. Aliwaza sana, akikunja kunja mkono wa shati.

"Hoja yangu imefika?"

"Imefika. Lakini mwenye hoja lazima awepo."

"Na darasa nitamwachia nani?"

Mzee wa visima alikuwa akisikiliza, akamgeukia bibi, wakasemezana. Kisha akaniambia, "Anasema, mwambie mwalimu aende. Yeye atakaa na watoto."

Mwalimu alisimama, akaingia darasani, akarudi na kipande cha chaki. Akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akakipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye pindo la nguo, mahali wanawake wanapofunga pesa. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi tukapanda lori. Nilimvika lile koti, akalikubali bila kuuliza ni la nani. Tulipopita Tarbaj aliniuliza, "Mto umefika wapi?" Nikamwambia umepungua, lakini unatiririka. Akaitikia kwa kichwa.

Mzee wa Wajir alikuwa ametimiza ahadi. Meza ameitandika kitambaa, glasi za maji zimefunikwa kwa visahani, viti vitatu. Yeye mwenyewe amefunga tai, bila koti. Tuliketi sisi watatu, nami nikafungua mkutano kama ulivyofunguliwa wa kwanza, kwa maneno yale yale. Nikawatakia radhi wasiokuwepo. Mzee akasoma yaliyojadiliwa mwaka uliopita. Wanafunzi wachache waliobaki walichungulia dirishani, akawafukuza kwa macho.

"Sasa," nikasema, "mwenye hoja."

Alisimama. Aliishika meza. Nilidhani atazungumza juu ya msaidizi, juu ya mtumbwi na watu wake wawili. Mzee akasogeza glasi ya maji karibu naye.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, na safari hii neno halikumchekesha. "Darasa langu halina watu."

Mzee akafunga daftari lake.

"Nimekuwa nikijua. Msidhani sikujua. Lakini nilipokuwa ninanyamaza, pale palikuwa panakuwa kimya sana, wenzangu. Sijui kama mnaelewa. Kimya kinaingia mpaka hapa." Akajigusa kifua. "Kwa hiyo nilisema niendelee kidogo. Kidogo tu, mpaka mvua. Na yule mama akawa ananijibu. Sasa sijui kufunga shule bila ruhusa. Naomba chama kinipe ruhusa nifunge."

Chama hakikuwa na mamlaka ya kufunga hata dirisha la shule. Sisi sote watatu tulilijua hilo.

"Ruhusa imetolewa," nikasema.

"Naunga mkono," mzee wa Wajir akasema.

Kijana akaketi, akalaza kichwa mezani juu ya mikono yake, akalala usingizi pale pale. Tukamwacha alale. Mzee aliendelea kuketi karibu naye akifukuza nzi kwa daftari mpaka jua lilipopinda.

Tulipofika Garissa, dresa wa hospitali alimpa kwinini na dawa za kuongeza damu, akasema mwili utarudi, mengine anajua Mungu. Bwana wa wilaya akamwandikia likizo. Alikaa kwangu kidogo, na kila asubuhi alishuka mtoni akakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, bila kujali mamba. Watu wa mjini waliopita walimwamkia "Maalim," naye aliitika kwa adabu. Kwenye lango la shule yangu hakupita hata mara moja. Alikuwa anazunguka nyuma ya maduka.

Nilimpeleka mwenyewe kwa mama yake. Mama alikuwa shambani, akaambiwa, akaja amelowa matope ya mpunga mpaka magotini. Hakupiga kelele. Alimshika mwanawe uso, akamgeuza huku na huku kama mtu anayetazama chungu kama kina ufa. Kisha akanitazama mimi.

"Umemrudisha," akasema.

"Nimemrudisha, mama."

Tukala. Wali, samaki, na maboga ya nazi. Alikula vizuri.

Nikisema alipona nitakuwa nimeongeza, na nikisema hakupona nitakuwa nimepunguza. Alilima na mama yake. Alisuka mitego ya samaki. Aliniandikia barua fupi fupi, za mambo ya shamba, akaniuliza hali ya wenzetu mmoja mmoja, hali ya bibi wa maziwa, lakini neno shule halikuwamo. Mzee wa Wajir alimpelekea salamu kwamba lile koti ni lake, asilirudishe. Msimu wa mvua uliofuata, zile mvua kubwa ambazo kila mtu alikuwa akiziomba, alipata homa ya mapafu. Mto ulikuwa umefurika, njia zimekatika, hapakuwa na namna ya kumfikisha kwa daktari. Alikufa nyumbani kwao.

Mimi nilipata habari akiwa ameshazikwa, na njia ilipofunguka nilikwenda. Kaburi lilikuwa juu kwenye mwinuko, mbali na maji, na udongo wake ulikuwa bado mbichi. Mama yake alinipa kigoda, akaketi chini karibu yangu ingawa nilimsihi tubadilishane.

"Wale watoto wake," aliniuliza, "walirudi?"

Walikuwa wamerudi. Mvua zile zile zilizomuua zilikuwa zimeotesha majani mpaka mpakani, na watu wamerudi visimani na mifugo iliyosalia. Dereva alikuwa ameniambia kwamba kila asubuhi watoto walikuwa wakija kukaa mbele ya banda la shule, wakingoja, kisha wakiondoka.

"Walirudi, mama."

"Nani anawafundisha?"

"Bado hajapelekwa mtu."

Aliokota kijiti, akachora chora udongoni. "Mkimpata," akasema, "msimpeleke peke yake."

Nilirudi Garissa nikaandika upya. Safari hii sikuandika kwa mkono mzuri wala kwa maneno ya unyenyekevu. Niliandika kwamba mwalimu mkuu mmoja wa chama chetu amefariki, na nikaeleza alivyoishi. Walimu wakuu wenzangu wote waliweka sahihi, hata yule wa Taita ambaye alikuwa akiogopa ofisi kuliko simba. Sijui ni barua ile au ni mpango uliokuwapo siku zote ukisubiri zamu yake. Jibu lilikuja kabla mwaka haujaisha: kila kituo kitakuwa na mwalimu mkuu na msaidizi, na hakuna atakayekaa bila likizo zaidi ya muda uliowekwa.

Niliisoma barua ile mkutanoni. Mwanachama mmoja aliinua mikono apige makofi, akaona nyuso zetu, akaishusha. Mzee wa Wajir aliomba iandikwe kwamba hoja hii ilitolewa na mwenzetu marehemu, siku ya kwanza ya chama, na kwamba siku ile alikuwa hajachoka. Ikaandikwa hivyo. Kisha tukaendelea na habari ya vitabu vya kusomea, maana navyo vilikuwa vimechelewa.

Walimu wawili wa kituo kile walifika Garissa baada ya likizo, vijana wabichi kutoka chuo, mmoja wa Kilifi na mwingine wa Meru. Walikuja kwangu kuamkia, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti. Walikuwa wakibishana tangu mlangoni, sanduku la nani zito zaidi, na nani amlipie mwenzake soda aliyoshindwa kwenye dau la njiani. Mke wangu akawawekea chai na mahamri. Wakauliza maswali yao: maji yakoje, watoto wakoje, kuna nyoka?

Nikawajibu. Nikawaambia watafute mzee mwenye ndevu za hina, awaonyeshe kisima cha maji matamu. Nikawaambia pia kuna bibi mmoja, kama bado yu hai, wamwamkie yeye kwanza kabla ya mtu yeyote, na wampe hiki. Nikawakabidhi kitambaa cha guntino ambacho mama wa marehemu alikuwa amenipa pesa ya mpunga wake ninunue.

"Tumwambie kimetoka kwa nani?" akauliza yule wa Kilifi.

"Mwambieni kimetoka kwa mama wa mwalimu."

Waliondoka kwa lori alasiri, wamekaa juu ya mizigo, bado wakibishana. Nilitaka kuwatazama mpaka mwisho, lakini kengele ya kipindi cha mwisho ilikuwa imepigwa na darasa la nne walikuwa wakinisubiri na imla. Nikaingia, nikafungua kitabu, nikawasomea sentensi ya kwanza. Sauti ilinikatikia njiani. Watoto waliinua vichwa, wakangoja kalamu mkononi, nami nikaanza tena tangu mwanzo.